Mashine Kuukuu za Kukata Nyasi: Ipi Inamfaa Mstaafu wa Nairobi?

Tangu nilipostaafu nikiwa na umri wa miaka 60, nimenunua, nikafungua na kuunganisha upya mashine kumi na moja za zamani za kukata nyasi, na saba kati ya hizo zinafanya kazi hadi leo. Nne zilizobaki zimenifundisha zaidi kuliko hizo saba. Wastaafu wenzangu wanaoniuliza waanzie wapi huwa wanataja kwanza jina la kampuni au umri wa mashine waliyoiona nyuma ya nyumba ya mtu. Mimi huwarudishia swali jingine: mashine hiyo imetengenezwa kwa madini gani, na je, sehemu yake ikivunjika, kuna fundi hapa Nairobi anayeweza kuitengeneza upya? Vipuri vya mashine iliyoacha kuundwa miaka hamsini iliyopita havipatikani dukani, na kuviagiza kutoka Uingereza hugharimu pensheni ya mwezi. Kinachobaki ni mikono yako na ya mafundi wa jua kali.

Nitalinganisha aina tatu: ya kusukuma kwa mkono yenye visu vya kuviringika, ya visu hivyo hivyo lakini yenye injini, na ya kisu bapa kinachozunguka chini ya bamba kama feni iliyolazwa. Aina nyingine mbili nitazigusa tu.

Mashine ya mkono

Hii ndiyo mama yao. Mwingereza Edwin Beard Budding wa Stroud aliisajili mwaka 1830 baada ya kutazama mashine iliyokuwa ikinyoa manyoya ya juu ya vitambaa vya sufu viwandani, akaona kwamba kinachoweza kunyoa kitambaa kinaweza kunyoa bustani. Kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilianza kuiunda kwa leseni yake mwaka 1832, na kanuni yake haijabadilika: visu vilivyojipinda kuzunguka mhimili hupita juu ya kisu kimoja cha chini kisichosogea, na nyasi hukatwa katikati yake kama kwa mkasi. Nairobi nimekutana zaidi na zile za Qualcast na za Ransomes zenye upana wa inchi 12 au 14, magurudumu mawili ya chuma pembeni na mpini wa mbao uliokwisha kuliwa na mchwa.

Uzuri wake kwa anayeanza ni kwamba karibu yote ni chuma. Fremu na gia ni chuma cha kusubu, visu ni chuma kigumu, na bushi, zile pete ambamo mhimili huzunguka, mara nyingi ni za shaba ya manjano. Bushi ikiisha, fundi mwenye mashine ya kukereza pale Kariobangi Light Industries atakuchongea nyingine ukimpelekea ile kuukuu kama kielelezo. Mhimili uliolika hujazwa kwa kuchomelewa, kisha hukerezwa tena hadi kipimo chake. Mpini hutengenezwa na seremala yeyote. Sehemu moja tu inapaswa kukutisha, nayo ni fremu iliyopasuka, kwa sababu chuma cha kusubu hakikubali kuchomelewa ovyo ovyo: kinahitaji kupashwa moto kwanza, kuungwa kwa shaba au kwa vijiti maalumu vya nikeli, kisha kuachwa kipoe polepole, la sivyo ufa mpya utatokea kando ya ule wa zamani kabla hujafika nyumbani. Kabla ya kulipa, igonge fremu kwa spana ndogo na usikilize, kama mama anavyogonga chungu sokoni. Ikilia kama kengele, ni nzima. Ikitoa mlio mfu, iache.

Kutu haipaswi kukuogopesha hata kidogo. Watu wa Ulaya na Marekani wanaofanya kazi hii hutumia kemikali ya kufulia iitwayo sodiamu kaboneti pamoja na umeme kidogo ili kung'oa kutu bila kukwaruza chuma, na sisi tunaishi saa chache tu kutoka ziwa linalotoa kemikali hiyo, Ziwa Magadi. Magadi ya kawaida yanayouzwa kwa ajili ya kupikia githeri yanatosha. Sehemu yenye kutu huwekwa katika ndoo ya plastiki yenye maji na vijiko vichache vya magadi, waya hasi wa chaja ya betri ya gari hufungwa kwenye sehemu hiyo, na waya chanya hufungwa kwenye kipande cha chuma kisicho na thamani, huku vyuma hivyo viwili visigusane. Baada ya usiku mmoja, kutu huwa imegeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi. Mambo matatu hayana mjadala: kazi hiyo hufanywa nje kwa sababu ndoo hutoa haidrojeni, ambayo hulipuka, chuma kisichoshika kutu hakitumiwi upande wa chanya kwa sababu huachia sumu ndani ya maji, na alumini haiwekwi humo kamwe, kwani italiwa yenyewe.

Kunoa kwake nako ni kazi ya kutuliza moyo. Visu hupakwa mchanganyiko mzito wa kusagia valvu, ule unaouzwa katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kisha huzungushwa kinyumenyume polepole vikisugua kisu cha chini hadi vyote viwili vinapata ukingo mmoja. Kipimo cha mwisho ni ukanda wa gazeti: visu vinapaswa kuukata sawasawa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kuutafuna. Ukirudisha magurudumu, usichanganye ule mtambo mdogo wa kukamata, unaoliwezesha gurudumu kuzungusha visu, wa kulia na wa kushoto. Mimi niliuchanganya katika mashine yangu ya kwanza, nikaisukuma bustani nzima visu vikiwa vimesimama tuli kama walinzi wa lango, huku wajukuu wakihesabu mizunguko yangu.

Udhaifu wake ni nyasi zetu zenyewe. Nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki, hutambaa juu na chini ya udongo na kujenga zulia nene linaloinua magurudumu mepesi yakakosa kushika. Mvua ndefu za Machi hadi Mei zikikolea, ukikosa kukata kwa majuma mawili, mashine ya mkono hulaza nyasi badala ya kuzikata, na itakubidi uanze kwa slasha. Kwenye nyasi nyembamba na fupi zinazokatwa kila juma hakuna mashine inayoacha kazi safi kama hii, lakini mtu mwenye robo ekari ya nyasi za Kikuyu huko Karen asinunue aina hii akitarajia itamtumikia.

Mashine ya visu vya kuviringika yenye injini

Kuhusu aina hii nakiri kwamba moyo wangu haupo katikati. Mwaka 1921 kampuni ya Charles H. Pugh ya Birmingham ilitoa Atco, mashine ya injini ambayo mwenye bustani ya kawaida, si mwenye kasri peke yake, angeweza kuifikiria. Zilizofuata, nyingi zikiwa na injini ndogo za Villiers, zina tangi lenye umbo la kupendeza, kisanduku cha mbele cha kupokea nyasi, na ile rola ya nyuma inayolaza nyasi na kuacha mistari ya mwanga na kivuli. Ukiimaliza moja na kuipaka rangi yake ya kijani, mtu yeyote atakayeingia kwenye ua wako atasimama.

Lakini gharama yake haifanani na ya ile ya mkono. Katika daftari langu, kwani nilikuwa karani wa hesabu na tabia haistaafu, mashine ya mkono iliyonichukua muda mrefu zaidi ina saa 34 za kazi. Ya injini ina saa 162, na fedha zilizotumika ni mara saba. Sababu ni kwamba unatengeneza vitu viwili vilivyounganishwa, na kila kimoja kina magonjwa yake.

Ugonjwa wa kwanza ni nati zake. Mashine nyingi za Uingereza za kabla ya miaka ya 1960 zina nati na bolti za kipimo cha Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, ambazo spana za milimita haziziingii sawasawa. Ukilazimisha, unakata pembe za nati ambayo imekaa salama kwa miaka sitini. Tafuta spana za Whitworth kwanza, hata za mitumba, kabla ya kugusa chochote. Ugonjwa wa pili ni magneto, ambayo hutengeneza cheche bila betri. Koili yake ikifa, fundi wa kusuka mota anaweza kuisuka upya, ingawa nyaya zake ni nyembamba kama unywele na si kila fundi atakubali. Kondensa yake, kile kikopo kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda, kwa upande mwingine, ni jambo rahisi: ya gari la zamani hufanya kazi ile ile, na hupatikana Kirinyaga kwa bei ya chakula cha mchana.

Ugonjwa wa tatu ni wa Nairobi peke yake, au tuseme wa miji ya mwinuko. Jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Injini iliyokuwa dhaifu ilipotoka kiwandani hufika kwetu ikiwa imepungukiwa na karibu moja ya tano ya nguvu zake, na kabureta iliyopimwa kwa hewa nzito ya Uingereza huipa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Dalili ni plagi nyeusi yenye masizi na moshi. Wengi huanza kubadilisha pistoni na ringi bure, kumbe kilichohitajika ni kupunguza petroli, ama kwa kushusha sindano ya kabureta tundu moja, ama kwa kukaza skrubu yake kidogo kidogo hadi plagi iwe na rangi ya kahawia.

Hapo ndipo swali la madini linaporudi. Sehemu za chuma na shaba za mashine hizi zinaokolewa vizuri, na minyororo yenye pichi, yaani umbali kati ya pini na pini, ya nusu inchi hata si tatizo, kwa sababu minyororo ya bodaboda ya namba 420 na 428 ina pichi hiyo hiyo. Linalobaki ni kupima upana wa gia. Lakini vikombe vya kabureta na vifuniko vingine vya zamani vilivyomiminwa kwa aloi ya zinki huvimba na kupasuka vyenyewe kwa uzee, na hakuna anayeweza kuviunganisha. Niliwahi kumpelekea fundi mmoja kabureta ya namna hiyo. Aliigeuza mara mbili mkononi, akasema, "Mzee, hii si ya kuchomelea, hii ni ya kuzika." Alisema kweli. Mashine ile ni mojawapo ya zile nne.

Kuna na usalama wa mwili. Vitambaa vya klachi za zamani mara nyingi vina asbestosi, na rangi ya kijani ya awali mara nyingi ina risasi. Usipulize vumbi la klachi kwa kompresa, na rangi uisugue kwa msasa wa maji ukiwa umefunika pua, mbali na watoto. Tena mashine hizi ni nzito. Kuipandisha moja juu ya meza kunahitaji watu wawili, na mgongo wa mstaafu hauna kipuri.

Mashine ya kisu bapa

Wakusanyaji wengi huidharau, nami nilikuwa mmoja wao. Mwonekano wake ni wa kazi tu: bamba, magurudumu manne, injini iliyosimama wima. Hata hivyo historia yake ina haki ya kusimuliwa. Mwaka 1952 Mervyn Victor Richardson alijenga ya kwanza ya jina la Victa nyumbani kwake Sydney kwa vyuma chakavu, akitumia mkebe wa mapichi kuwa tangi la petroli. Yaani ilizaliwa kwa njia ambayo fundi wa Kamukunji angeielewa bila kuelezwa. Mwaka uliofuata kampuni ya Marekani ya Briggs & Stratton ilitoa injini ndogo ya alumini, nyepesi na ya bei nafuu, na familia ya injini hizo ndiyo utakayoikuta juu ya mashine nyingi kuukuu za Nairobi.

Faida ya kwanza ni kwamba inakata nyasi za Kikuyu. Haihitaji zikae wima ziisubiri. Hewa inayovutwa na kisu huziinua, na kisu huzipiga. Faida ya pili ni vipuri, kwa kuwa injini za aina hii ziliundwa kwa wingi mno na sehemu nyingi hazikubadilishwa kwa miongo. Faida ya tatu ni ya mkusanyaji: kwenye Briggs za tangu miaka ya 1960 utakuta namba tatu zimepigwa muhuri juu ya bati la kufunika injini. Ile ya msimbo huanza na mwaka, mwezi na siku, hivyo 780512 ni tarehe 12 Mei 1978. Namba ya modeli ikianza na 92, injini ina takriban inchi 9 za ujazo, yaani sentimita 148 za ujazo. Mashine chache za zamani hukuambia siku yake ya kuzaliwa waziwazi namna hiyo.

Ukienda kununua, ng'oa waya wa plagi kwanza, kila mara, hata kama muuzaji anaapa kwamba haina petroli. Kisha toa plagi, inamisha mashine, na uzungushe kisu kwa mkono ukitazama ncha ya mhimili. Ikiyumba hata kidogo, iligonga jiwe, na mhimili wa injini umepinda. Usiinunue kwa bei yoyote. Angalia pia ule ufunguo mdogo wa chuma laini unaoshikilia gurudumu zito la injini. Uliwekwa laini kwa makusudi, ili kisu kikigonga kitu, ukatike wenyewe na kuokoa vingine. Ukiwa umekatika nusu, majira ya cheche huharibika na injini hukataa kuwaka au hurudisha kamba ya kuwashia kwa nguvu ya kuumiza kidole. Fundi niliyempa yangu alipoona umekatika, aliweka kipande cha msumari, nami sikukagua. Mara ya pili kisu kilipogonga kisiki, msumari haukukatika. Kilichovunjika ni mhimili. Hiyo ni ya pili kati ya zile nne.

Udhaifu wa aina hii ni bamba lake la chini. Nyasi mbichi zinazogandamana chini yake hushika unyevu, na bamba la chuma hutoboka kutoka ndani huku juu rangi ikiwa nzima. Kiraka cha bati la paa ni hatari, kwa sababu kisu kinaweza kukichana na kukirusha. Tumia bamba la milimita 2 au zaidi, lichomelewe pande zote. Zenye bamba la alumini la kumiminwa hazina tatizo hilo, nazo ndizo ninazozipendekeza. Thamani yake ya kuuza baadaye ni ndogo, na kelele zake zitakujulisha kwa majirani kabla ya jina lako.

Zilizobaki

Mashine za kuelea, zilizoanza kuuzwa kwa jina la Flymo katikati ya miaka ya 1960, ni wazo zuri lenye mwili wa plastiki, na plastiki iliyopigwa na jua letu kwa miaka thelathini huvunjika kama biskuti. Za kupanda na kuendesha ni gari dogo. Zinataka gereji, tairi na gharama za gari.

Mahali pa kuzipata

Nyingi zangu zilitoka katika nyumba za zamani za Lavington na Kileleshwa zilizokuwa zikibomolewa kupisha magorofa, ambako walinzi na wakandarasi hujua kilichomo katika stoo. Wauza vyuma chakavu wa Gikomba nao huzipata, na wao huuza kwa kilo, jambo linaloifanya mashine ya mkono kuwa rahisi na ile nzito ya injini kuwa ghali hata ikiwa imekufa. Biashara ya vyuma chakavu inatawaliwa na sheria ya mwaka 2015 inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni, kwa hiyo dai risiti, na mashine yenye namba iliyofutwa kwa tupa uiache hapo hapo. Mtu akikufuata hadi kituo cha matatu akipunguza bei kila hatua, kumbuka kwamba chema chajiuza.

Kuchagua

Kwa anayeishi Buruburu, Umoja au South B, mwenye ua mdogo na majirani ukuta kwa ukuta, sioni nafasi ya mjadala: mashine ya mkono. Haina petroli ya kuhifadhi ndani, haina kelele, hutundikwa ukutani, na kosa lolote utakalolifanya linaweza kurekebishwa na fundi aliye umbali wa nauli moja ya matatu. Naipendekeza pia kwa mwenye maumivu ya mgongo, mradi kazi ya kuitengeneza ndiyo anayoitaka na ya kukata nyasi amwachie mwingine.

Kwa mwenye nyasi za Kikuyu za kweli kweli, aliyejenga Ruiru, Ngong au Kitengela kwa mafao yake na anayetaka shughuli hii imlipe kwa kazi, ya kisu bapa ndiyo yenye akili, hasa yenye Briggs juu ya bamba la alumini. Hataonewa wivu, lakini bustani yake itakatwa.

Ile ya injini yenye visu vya kuviringika naiweka ya tatu, na si kwa sababu ya ubaya wake. Anayeanza nayo hujikuta anajifunza kutu, kunoa, magneto, kabureta na Whitworth kwa wakati mmoja, na ninawajua wawili walioacha kila kitu katika makasha wakarudi kutazama televisheni. Aliyekwisha kuokoa mbili za mkono na moja ya kisu bapa ana mikono iliyo tayari, na ana spana. Wakati huo aitafute, aikague kabureta yake kwanza kabla ya kuitazama rangi, na asimwambie muuzaji kwamba ameipenda.

Yangu ya sasa ni Atco ya inchi 14 iliyokaa juu ya meza tangu Januari. Fremu yake ililia kama kengele, kabureta yake ni ya shaba, na mnyororo wa bodaboda umeikubali. Kisu cha chini ndicho kilicholika kupita kiasi, na fundi wa Kariobangi ameniahidi kingine, cha kukatwa kutoka katika springi ya lori, nikachukue Jumanne.